Ayalandi ya Kale na Waviking: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Akiolojia Yake

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaotaka kujua wanaakiolojia wamekuta nini Ayalandi kutoka zama zile wamonaki walipokuwa wakinakili vitabu kwa mkono, na baadaye Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, wakapandisha merikebu zao mitoni. Utaona dhahabu imepewa nafasi ndogo na matope nafasi kubwa. Ndivyo nilivyokusudia. Kisiwa hiki ni cha mvua na vinamasi, na maji yamehifadhi vitu ambavyo ardhi ya kawaida huviozesha: fito za ukuta, viatu, kokwa za matunda yaliyoliwa. Kwa vitu hivyo tunawafahamu watu ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Tunazungumzia miaka ipi hasa?

Takriban mwaka 400 hadi 1170. Mwanzo ni Ukristo kuingia; Mtakatifu Patriki alihubiri huko katika karne ya 5. Mwisho ni kufika kwa Wanormani, mabwana wa Uingereza wa wakati ule, kutoka ng'ambo mwaka 1169, na mwaka uliofuata Dublin ikawa mikononi mwao. Waviking wanaingia katikati, kwa kuwa shambulio lao la kwanza lililoandikwa ni la mwaka 795. Anayeviita vipindi hivi vyote "zama za Waviking" anazifuta karne karibu 4 za mwanzo, na ndizo zilizotuachia sehemu kubwa ya makazi tunayoyachimba.

Kama hakukuwa na miji, watu waliishi wapi?

Kwenye maboma ya duara. Kwa Kiayalandi boma la udongo huitwa ráth, na la mawe huitwa caiseal. Mwenye boma alichimba handaki la mviringo, udongo wake akaurundika upande wa ndani ukawa tuta, juu ya tuta akasimika ua, na katikati akajenga nyumba. Kipenyo cha kawaida ni kama mita 30. Yamehesabiwa zaidi ya 45,000 katika kisiwa kizima, na mengi kati ya yaliyopimwa umri ni ya miaka ya 600 hadi 900. Ukitazama mashamba ya Ayalandi kutoka juu unayaona yametapakaa kama alama za vikombe mezani.

Vitabu vya zamani viliyaita ngome, na neno hilo limewapotosha wengi. Tuta la namna hii halizuii jeshi. Linazuia mbwamwitu na mwizi wa ng'ombe wa usiku, na linamwambia mpita njia kwamba mwenye hapa ni mtu mwenye hadhi. Sheria za wakati ule zinataja tuta lililochimbwa na watu walio chini ya mfalme kuwa alama mojawapo ya ufalme wake. Kwa hiyo mahandaki mawili au matatu kuzunguka boma moja yanatueleza zaidi habari za utii kuliko habari za vita.

Imekuwaje maboma mengi hivyo yakabaki hadi leo?

Kwa sababu wakulima waliyaogopa. Kwa karne nyingi iliaminika kwamba ni makao ya viumbe wa ghaibu, na atakayelima ndani yake au kukata mti wake atapatwa na ugonjwa au msiba. Hakuna sheria ya mambo ya kale iliyowahi kulinda maeneo mengi kiasi hicho. Trekta na tingatinga za karne ya 20 hazikuwa na hofu hiyo, na maelfu yalisawazishwa.

Ndani ya boma nyumba ilikuwaje?

Jibu bora limetoka Deer Park Farms, Kaunti ya Antrim, boma lililochimbwa katika miaka ya 1980. Wakazi wake walikuwa wakijaza udongo na kujenga upya juu ya makazi ya zamani, kizazi baada ya kizazi, hata boma likawa kilima. Tabaka za chini zilibaki zimeloa, na wachimbaji walipozifikia wakakuta kuta za nyumba zimelala pale zilipoangukia, fito zikiwa bado zimesukana.

Anayejua kusuka tenga ataielewa nyumba hiyo mara moja. Vijiti vilichomekwa ardhini kwa mviringo, kisha fito nyembamba zikasukwa kuvizunguka hadi juu. Ukuta ulikuwa wa safu mbili, na katikati ya safu hizo zikashindiliwa nyasi na majani makavu ili joto lisitoke. Meko yalikuwa katikati ya sakafu, na pembeni palikuwa na vitanda vya matawi madogo yaliyotandikwa. Nyuma ya nyumba kubwa mara nyingi kulikuwa na nyumba ndogo iliyoungana nayo, hivi kwamba ukizichora zote mbili unapata umbo la tarakimu 8. Mhimili wa mlango ulikuwa wa mwaloni, na mti wake ulikatwa mwaka 648.

Wataalamu wa wadudu walichekecha uchafu wa sakafuni na kukuta viroboto, chawa na mbawakawa wa aina aina. Mimi husimama kidogo hapo kila ninapoisoma taarifa hiyo. Miaka karibu 1,400 imepita, na bado tunajua mtu huyu alijikuna usiku.

Nimesikia habari za visiwa vilivyojengwa na watu ziwani. Ni kweli?

Ni kweli. Vinaitwa crannóg. Walipigilia miti kwenye maji ya kina kifupi, wakamimina mawe, matawi na udongo ndani ya duara hilo, kisha wakajenga juu yake. Vimetambuliwa zaidi ya 1,000. Baadhi vilikuwa vya wafalme: Lagore katika Kaunti ya Meath, kilichochimbwa na Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1930, kilikuwa makao ya wafalme wa Brega ya kusini. Vingine vilikuwa vya watu wa kawaida kabisa. Drumclay, karibu na mji wa Enniskillen, kilichimbwa kuanzia mwaka 2012 kwa sababu barabara mpya ilikuwa inapita juu yake. Mwanzoni kazi ilipewa muda mfupi mno, na watu wakapaza sauti hadi ukaongezwa. Zilitoka nyumba moja juu ya nyingine na vitu kwa maelfu, vikionyesha watu walikaa hapo kwa karibu miaka 1,000.

Kwa nini ng'ombe anatajwa kila mahali?

Kwa sababu alikuwa ndiye mali, ndiye chakula na ndiye kipimo cha thamani. Mifupa inayopatikana mabomani mara nyingi ni ya ng'ombe kuliko mnyama mwingine yeyote, na mingi ni ya majike waliozeeka, yaani walifugwa kwa ajili ya maziwa. Maziwa, mtindi, siagi na jibini viliitwa kwa jina moja, "vyakula vyeupe". Siagi nyingine ilifukiwa kinamasini ndani ya vyombo vya mbao, na mingine bado inafukuliwa hadi leo.

Karibu na mwaka 700 iliandikwa hati ya sheria iitwayo Críth Gablach, inayopanga watu kwa madaraja. Mkulima mdogo aliye huru ana ng'ombe 7 na nyumba ya futi 19. Mkulima mkubwa kabisa ana ng'ombe 20, mafahali 2, maksai 6, nguruwe 20, kondoo 20, na nyumba ya futi 27 yenye kibanda cha futi 17 nyuma yake. Kila mtu huru alikuwa na thamani ya heshima yake, na ukimtukana au kumjeruhi ulimlipa kiasi hicho. Bwana alimkopesha mtu mifugo, na mkopaji akalipa kila mwaka kwa chakula na kwa kazi.

Sheria ni sheria. Wanasheria hupenda mpangilio ulionyooka kuliko maisha yenyewe. Lakini nyumba mbili zilizoungana za Deer Park Farms, kubwa mbele na ndogo nyuma, ndizo zilezile zinazoelezwa na hati. Ni nadra maandishi na udongo kukubaliana hivyo, na ndiyo sababu zama hizi hunivutia sana.

Je, walikuwa na watumwa?

Ndiyo, na tusilipite swali hili haraka. Kipimo kikubwa cha thamani katika sheria hizo, juu ya ng'ombe, kiliitwa cumal. Maana yake ni mjakazi. Mwanamke mtumwa alikuwa kizio cha hesabu, hata pale ambapo malipo yenyewe yalifanywa kwa mifugo au fedha. Patriki mwenyewe anaandika kwamba alitekwa Uingereza akiwa kijana na kupelekwa Ayalandi kuchunga wanyama. Kwa hiyo utumwa haukuletwa na Waviking.

Walichofanya Waviking ni kuugeuza kuwa biashara kubwa ya baharini. Tarikhi za Ulster, yaani kumbukumbu za matukio zilizoandikwa mwaka kwa mwaka, zinasema mwaka 871 Amlaíb na Ímar, wafalme wa Dublin, walirudi kutoka Uskoti na merikebu 200, wakiwa na mateka wengi sana: Waingereza, Wabritoni na Wapikti, watu wa makabila ya kisiwa jirani cha Britania.

Ushahidi wa udongoni ni mchache na mzito. Kule Lagore ulipatikana mnyororo wa chuma wenye kola ya shingoni. Zaidi ya hapo, mtumwa haachi bizimu la dhahabu wala nyumba yenye jina. Ushahidi mwingine umo katika damu: vipimo vya vinasaba vya watu wa Aisilandi vinaonyesha kwamba wanaume wengi waliokihamia kisiwa hicho walitoka Skandinavia, ilhali zaidi ya nusu ya ukoo wa upande wa mama unatoka Ayalandi na Uskoti. Wangapi kati ya wanawake hao walikwenda kwa hiari yao, mifupa haisemi.

Minara mirefu ya duara ilijengwa ili wamonaki wajifiche wasishambuliwe na Waviking?

Hapana. Jina lake la Kiayalandi, cloigtheach, maana yake ni nyumba ya kengele, na ndiyo kazi yake. Iliyobaki inakaribia 65, na ule wa Glendalough una urefu wa mita 30 hivi. Mlango uko juu kutoka ardhini, ndiyo maana watu wakadhani ni maficho. Lakini mnara mwembamba wenye sakafu za mbao ukitiwa moto chini huwa bomba la moshi. Mnara wa kwanza kutajwa katika tarikhi ni wa Slane, mwaka 950, na unatajwa kwa sababu Waviking wa Dublin waliuchoma ukiwa na watu ndani, pamoja na kengele na fimbo ya mtakatifu.

Na si Waviking peke yao waliochoma monasteri. Feidlimid mac Crimthainn, mfalme wa Munster aliyefariki mwaka 847, alikuwa Mkristo, na aliichoma monasteri ya Clonmacnoise na kuua watu wake. Mwaka 764, miaka 31 kabla ya Mviking wa kwanza kufika, watu wa Clonmacnoise walipigana na watu wa monasteri ya Durrow, na wa Durrow 200 wakauawa. Monasteri zilikuwa na ardhi, mafundi, ghala na watu wengi. Zilikuwa zinakaribia kuwa miji, kwa hiyo ziliingia katika siasa kama miji.

Wamonaki hao walikuwa pia mafundi wa maji. Nendrum, kwenye ghuba ya Strangford, walijenga kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa na maji kujaa na kupwa. Bahari ikijaa ilijaza bwawa, mlango ukafungwa, na ikipwa maji yakaachiwa kupita kwenye gurudumu. Mbao zake zilikatwa mwaka 619. Hakuna kinu cha bahari cha zamani kuliko hicho kilichowahi kuchimbwa popote duniani.

Waviking walitaka nini, na walikaaje?

Mwanzoni walipora na kuondoka. Mapambo ya vifaa vya kanisa la Ayalandi yamepatikana katika makaburi ya Norwei yakiwa yamegeuzwa kuwa mabizimu ya nguo za wanawake. Kisha mwaka 841 wakakaa msimu mzima wa baridi katika kambi mbili, moja Dublin na nyingine Linn Duachaill, mahali paitwapo Annagassan leo. Kambi hizo Waayalandi waliziita longphort, ngome ya merikebu.

Kambi tunayoifahamu vizuri ni Woodstown, kando ya mto Suir karibu na Waterford, iliyogunduliwa mwaka 2003 wakati wa kujenga barabara. Ina handaki, mabaki ya ufundi wa chuma na fedha, kaburi la shujaa mwenye upanga, na zaidi ya mawe 200 ya mizani yaliyotengenezwa kwa risasi. Hayo mawe ya mizani ndiyo yaliyonishangaza. Mporaji hana haja ya mizani. Watu hawa walikuwa wakipima vipande vya fedha vilivyokatwakatwa kutoka kwenye bangili na mikuo ya fedha, na kulipana kwa uzito. Kiswahili kinatusaidia kulielewa jambo hili kuliko lugha nyingi, maana kwetu "fedha" ni madini na ni pesa kwa neno moja.

Na dhahabu? Mwaka 1802 ilifukuliwa hazina katika kisiwa cha Hare, ziwa Ree: bangili 10 za dhahabu zenye uzito wa kilo 5 hivi, hazina kubwa kabisa ya dhahabu ya Waviking kuwahi kujulikana. Yote iliyeyushwa.

Walivaa kofia zenye pembe?

Hawakuvaa. Pembe zilitoka kwa mbunifu wa mavazi wa maonyesho ya opera Ujerumani, mwaka 1876.

Dublin ilianzaje kuwa mji?

Jina linatokana na Duibhlinn, bwawa jeusi, lililokuwa pale mto Poddle unapokutana na Liffey. Waviking walifukuzwa hapo mwaka 902, wakarudi 917, na waliporudi hawakujenga kambi tena. Walijenga mji. Waterford ilikuwa imeanza mwaka 914, Limerick ikafuata 922.

Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1981 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi waliichimba Dublin hiyo katika mitaa ya High Street, Winetavern Street, Fishamble Street na eneo la Wood Quay. Walikuta tabaka za uchafu uliolowa zenye kina cha mita kadhaa, na ndani yake mitaa mizima. Fishamble Street peke yake ilitoa mabaki ya nyumba zipatazo 150 kwenye viwanja 14. Nyumba ya kawaida ilikuwa ya mstatili wenye pembe za mviringo, mita 8.5 kwa 4.75, kuta fupi za fito zilizosukwa, nguzo 4 za kubeba paa, meko katikati, mabenchi mapana ya kukalia na kulalia pande zote mbili, na mlango kila mwisho. Fito hazikudumu, baada ya miaka 15 au 20 nyumba ilibomolewa na nyingine ikajengwa juu yake. Lakini mipaka ya viwanja haikusogea kizazi hata kizazi. Kila mtu alijua uzio wa jirani yake unaishia wapi, maana yake kulikuwa na mamlaka iliyosimamia jambo hilo.

Mtaa mmoja ulijaa vichana vya pembe za kulungu, mwingine mabaki ya ngozi za viatu. Kuna kaharabu kutoka Baltiki, meno ya walarasi, mnyama wa baharini mwenye meno marefu, kutoka bahari ya Aktiki, na vitambaa vya kichwa vya hariri iliyotoka mashariki. Kuna vyoo vya shimo nyuma ya nyumba, na ndani yake mbegu za matofaa na matunda ya porini, mayai ya minyoo ya tumboni, na kuvumwani walichotumia kujifutia. Kuna merikebu ndogo za mbao, vitu vya kuchezea watoto. Mifupa ya ng'ombe ni ya wanyama wa umri mzuri wa kuchinjwa, walioletwa kutoka mashambani. Hapo unaona kwamba mji ulikuwa ukinunua na Waayalandi wa nje walikuwa wakiuza. Karibu na mwaka 997 mfalme Sitric, aitwaye Ndevu za Hariri, alipiga sarafu za kwanza kutengenezwa Ayalandi.

Kwa nini jina la Wood Quay bado linawauma watu wa Dublin?

Kwa sababu walijua walichonacho na wakakipoteza. Halmashauri ya jiji ilikuwa imeamua kujenga ofisi zake mahali pale. Mwaka 1978 mahakama ilitamka kwamba eneo hilo ni kumbukumbu ya taifa, na mwezi Septemba mwaka huohuo watu wapatao 20,000 waliandamana, wakiongozwa na padri na mwanahistoria F. X. Martin. Juni 1979 wengine waliingia na kulikalia eneo hilo kwa wiki kadhaa. Ofisi zilijengwa hata hivyo. Wachimbaji waliongezewa muda na waliokoa mengi, na kila nilichoeleza katika jibu lililotangulia kimetokana na jasho lao. Lakini sehemu ya mji huo wa karne ya 10 ilisombwa na mashine, na mji uliosombwa haurudi. Nionavyo mimi, hasara hiyo haikuwa ya lazima.

Vita vya Clontarf mwaka 1014 si ndivyo Waayalandi walivyowafukuza Waviking?

Hiyo ndiyo hadithi ya shuleni, na si sahihi. Tarehe 23 Aprili 1014, Ijumaa Kuu, Brian Boru, mfalme mkuu wa Ayalandi, alipigana na mfalme wa Leinster, mojawapo ya falme za kisiwa hicho, ambaye ni Mwayalandi, aliyekuwa na washirika wa Dublin na Waviking kutoka visiwa vya Orkney na kwingine. Jeshi la Brian lilishinda, na yeye mwenyewe akauawa. Sitric wa Dublin alikuwa mkwewe, kwa kuwa alimwoa binti yake, na mama yake Sitric, Gormlaith, alikuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Leinster aliyewahi kuolewa na Brian. Ulikuwa ugomvi wa watu walioingiliana kwa damu. Baada ya vita Sitric aliendelea kutawala Dublin hadi 1036.

Hata lugha inasema hivyo. Neno la Kiayalandi la soko, margadh, na la senti, pingin, yamepita mikononi mwa wafanyabiashara hao wa kaskazini.

Merikebu zao zipo?

Iliyo bora ilizamishwa Denmaki. Mwaka 1962 zilichimbwa merikebu 5 katika ghuba ya Roskilde, zilizozamishwa kwa makusudi ili kuziba njia ya maadui. Moja, iitwayo Skuldelev 2, ina urefu wa mita 30 hivi. Wataalamu walipoipima miti yake wakakuta mialoni hiyo ilikatwa mwaka 1042 katika eneo la Dublin. Mafundi wa merikebu wa Dublin walikuwa wakitengeneza vyombo vya kivita vya kiwango cha juu kabisa: mkuku mmoja mrefu, mbao nyembamba zilizopandana na kupigiliwa misumari ya chuma, na mwili unaonyumbuka na mawimbi. Wataalamu wa leo waliijenga nakala yake kwa zana za kale, na mwaka 2007 ikasafiri kwa tanga na makasia kutoka Roskilde hadi Dublin. Watu wengi walikuja kuipokea.

Miaka kama 619, 648 na 1042 inajulikanaje kwa uhakika huo?

Kwa miviringo ya mwaloni. Kila mwaka mti huongeza mviringo mmoja, mwembamba mwaka mbaya, mpana mwaka mzuri, na mpangilio huo ni kama alama ya kidole ya majira. Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast kiliunganisha miti iliyo hai, boriti za majengo ya zamani na magogo ya vinamasini, hadi kikapata mfululizo wa zaidi ya miaka 7,000. Ukiwa na kipande chenye gome unaweza kuutaja mwaka uliokatwa mti. Kipimo cha kaboni 14 kinafaa kwa mifupa na mbegu, ila hutoa makadirio mapana zaidi.

Kuna uhusiano wowote na Afrika au ulimwengu wa Kiislamu?

Upo, na hauhitaji kutiwa chumvi. Katika hazina za fedha zilizofukiwa Ayalandi katika karne ya 9 na 10 zimo dirhamu zenye maandishi ya Kiarabu, zilizopigwa katika nchi za Kiislamu hadi Asia ya Kati. Zilipita mito ya Urusi, zikafika Skandinavia, kisha Dublin. Kipo pia kipambo cha Ballycottin, Kaunti ya Cork, kilichoko katika Makumbusho ya Uingereza: msalaba mdogo wa shaba iliyopakwa dhahabu, na katikati kioo chenye herufi za Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, ambazo kwa kawaida husomwa "bismillah". Aliyekivaa huenda hakujua imeandikwa nini. Aliipenda kazi ya fundi.

Ulimwengu huohuo wa Waabbasia, makhalifa wa Baghdad, ulikuwa ukinunua pembe za ndovu pwani yetu na kuleta vyungu vya rangi ya samawati vinavyofukuliwa Manda, Shanga na Unguja Ukuu. Sisemi kwamba Mswahili alikutana na Mviking. Nasema walisimama kwenye ncha mbili za soko moja, mmoja akiuza meno ya ndovu na mwingine meno ya walarasi. Na huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, misikiti ya mwanzo kabisa ya karne ya 8 ilitambuliwa kwa alama za mashimo ya miti ardhini, kwa ustadi uleule unaotumika Ayalandi.

Tena, mwaka 2006 dereva wa mashine ya kuchimba kinamasi huko Faddan More, Kaunti ya Tipperary, aliona kitabu kwenye tope, akakifunika kwa udongo mbichi kisikauke. Kilikuwa Zaburi ya karibu mwaka 800. Wahifadhi walikishughulikia kwa miaka, na ndani ya jalada lake la ngozi wakakuta bitana ya mafunjo, zao la Misri. Ni Afrika hiyo, ndani ya kinamasi cha Ayalandi.

Mwisho, tarikhi moja inasimulia kwamba Waviking walishambulia Moroko katika miaka ya 860, wakapeleka mateka weusi Ayalandi, na kwamba "watu wa buluu" hao walikaa huko muda mrefu. Habari hiyo ilikusanywa karne mbili baadaye, na nakala tuliyonayo ni ya karne ya 17. Hakuna kaburi lao lililotambuliwa.

Nikitembelea Ayalandi naweza kutafuta vitu mwenyewe?

Usifanye hivyo. Kutafuta vitu vya kale kwa mashine ya kunasa vyuma bila kibali ni kosa la jinai, na kila kitu cha kale kisicho na mwenyewe kinachopatikana ni mali ya dola. Sheria hiyo ilikazwa baada ya hazina ya Derrynaflan, vyombo vya kanisa vilivyofukuliwa kwa mashine ya namna hiyo mwaka 1980, kuzua kesi iliyofika Mahakama ya Juu.

Nenda badala yake Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Kildare, Dublin. Watu wengi hukimbilia kikombe cha Ardagh na bizimu la Tara, na havina mfano kweli. Ukimaliza, tafuta kabati lenye vitu vya Wood Quay: vichana vilivyokatika meno, vyombo vya mbao, merikebu ya mtoto. Kaa hapo muda mrefu.